Neo-progu siyo progu yoyote iliyotoka juzi

Jamani hili jina neo-progu limetumika vibaya vya kutosha sasa. Mtu akisikia bendi imeanza juzijuzi, ina wimbo wa dakika kumi na mpiga kibodi mwenye nywele ndefu, basi kashamaliza, "hiyo neo-progu hiyo". Nimekuta Dream Theater wamewekwa humo, Tool wamewekwa humo, Porcupine Tree nao humo humo, halafu bendi zenyewe zilizobeba huo mtindo mgongoni hata hazitajwi. Naomba tuliweke sawa.

Maana yenyewe ni fupi. Neo-progresivu roki ni mtindo wa progu (yaani progresivu roki) ulioanza Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 80: nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi na hadithi ndani yake kama progu ya miaka ya 70, ila melodi ziko wazi zaidi, sintesaiza (vinanda vya elektroniki) ndo zimeshika usukani, gitaa linaimba kuliko kukimbia, na mwimbaji anayaigiza maneno yake pale jukwaani. Bendi zinazotajwa kwanza ni Marillion, IQ, Pendragon, Pallas na Twelfth Night. Basi, maana imeisha hapo.

Kinachosumbua watu ni hiyo "neo", wanaisikia kama vile imeandikwa "ya kisasa" au "ya mwaka huu". Lakini jina la mtindo likishashika halihami tena kufuata kalenda. Angalia taarabu ya kisasa, tunajua wote tunamaanisha ile ya vinanda iliyovuma miaka ya 90, East African Melody na wenzao, na leo hii wazee wa Culture Musical Club wakiingia studio na fidla zao na kanuni yao, kile chombo cha nyuzi, wakatoa kitu kipya kabisa, hakuna mtu Zanzibar atakayekiita taarabu ya kisasa, hata kama kimetoka jana asubuhi. Neo-progu nayo ndo hivyohivyo. Ni jina la sauti fulani iliyozaliwa mahali fulani kwa sababu fulani, na ukizijua hizo sababu huwezi tena kuichanganya na Dream Theater.

Sababu zenyewe ni hizi. Kufika 1977 progu kubwa ya Uingereza ilikuwa imechoka. Mwimbaji Peter Gabriel alishaondoka Genesis, moja ya bendi kubwa za progu, mwaka 1975, mpiga gitaa wao Steve Hackett naye akatoka 1977, panki, ile roki fupi ya hasira, ikaingia na magazeti ya muziki yote yakahamia huko, ikawa mtu akikiri anasikiliza wimbo wa dakika ishirini anaonekana mtu wa zamani. Genesis wenyewe wakaanza kufupisha nyimbo, Yes walipokuja na 90125 mwaka 1983 ilikuwa ni bendi nyingine kabisa masikioni. Lakini kuna vijana waliokuwa shule ya sekondari wakati Genesis wanatoa A Trick of the Tail na Wind & Wuthering, albamu zote mbili za 1976, na hao vijana hawakuhama. Walikua, wakanunua magitaa, na ilipofika 1980 hivi wakawa na njaa ya muziki ambao hakuna tena aliyekuwa anautengeneza, wakaamua kuutengeneza wenyewe.

Na angalia wanakotoka, maana hili watu hawalisemi. Siyo London. Marillion ni wa Aylesbury, IQ wa Southampton, Pendragon wa Stroud kule Gloucestershire, Twelfth Night walikutana chuo kikuu cha Reading, Pallas wametoka Aberdeen kule juu Scotland, Solstice wa Milton Keynes, Haze wa Sheffield. Miji ya kando, ambako hakuna aliyekuja kuwaambia kwamba muziki wao umepitwa na wakati, na hata wangeambiwa sidhani kama wangesikia. Walipiga kwenye baa, wakarekodi kaseti na kuziuza wenyewe mlangoni na kwa posta, halafu polepole wakaanza kukutana kwenye jukwaa la Marquee pale Wardour Street, London, na redioni kwenye kipindi cha Tommy Vance cha Ijumaa usiku BBC Radio 1. Kwa hiyo mtindo huu haukutengenezwa na lebo, mashabiki walikuwepo kabla ya lebo. Hata ile habari ya mwaka 1997 ambapo mashabiki wa Marillion Marekani walichangishana kama dola 60,000 ili bendi iweze kwenda kupiga kwao, mizizi yake ni hukohuko kwenye kaseti za posta.

Sasa tuje kwenye sauti, hapa ndo pa kusikiliza vizuri. Hawa vijana walipenda progu ya 70 lakini walikuwa wameishi kupitia panki na muziki wa sintesaiza uliokuja nyuma yake, na hiyo iliwaingia wapende wasipende. Mpiga kibodi wa 1972 alikuwa na Hammond na Mellotron, vinanda vya zamani vyenye sauti nzito, wa 1983 ana sintesaiza mpya zenye sauti kavu inayong'aa, ngoma zinapigwa moja kwa moja zaidi, mapigo ya ajabu yapo ila hayaji kila baada ya sekunde kumi, na kibwagizo kipo, unaweza kukiimba ukiwa unaoga. Maneno nayo yamebadilika. Marillion kwenye Script for a Jester's Tear ya 1983 wanafunga albamu na Forgotten Sons, wimbo wa askari vijana waliopelekwa Ireland ya Kaskazini. Twelfth Night wanaimba juu ya serikali inayochunga akili za watu na hofu ya nyuklia. Hiyo ni Uingereza ya waziri mkuu Thatcher, hakuna majoka wala visiwa vinavyoelea angani kama kwenye progu ya 70, au vikiwepo basi vimebeba jambo la siku ile.

Linganisha na Änglagård wa Sweden, albamu yao ya kwanza Hybris ni ya 1992, yaani wamekuja miaka kumi nyuma ya Marillion, lakini ukiwasikiliza ni Mellotron na filimbi na giza, unaweza kuapa ni 1973. Hao ni wafufuaji wa progu ya kale, na wanafanya vizuri sana, ila siyo neo-progu ijapokuwa ni wapya zaidi. Dream Theater walianzia Boston mwaka 1985 wakiwa na Rush mkono mmoja na Iron Maiden na Metallica mkono wa pili, hiyo ni progresivu metali, ukoo tofauti. Porcupine Tree alianza Steven Wilson peke yake mwaka 1987, saikedeli tupu (roki ya ndotondoto), na alikokuja kufika baadaye hakupitia Aylesbury.

Kuna na kosa la pili, nalo linaniudhi kuliko la kwanza: kwamba neo-progu yote ni Marillion, na Marillion ni Genesis wa kuiga. Ni kweli Grendel, upande wa pili wa ile singo yao ya kwanza ya 1982, dakika 17 na ushee, mwisho wake umekaa karibu sana na Supper's Ready ya Genesis, hilo halikataliki, na mwimbaji wao Fish kujipaka rangi usoni kulimkumbusha kila mtu Gabriel. Lakini msikilize mpiga gitaa wao Steve Rothery anavyoshikilia noti moja mpaka ikuume, hapo kuna Hackett ndio, ila kuna David Gilmour wa Pink Floyd na kuna Andy Latimer wa Camel pia. Fish mwenyewe alikunywa sana kwa Peter Hammill, mwimbaji wa Van der Graaf Generator. Na kufika Misplaced Childhood ya 1985, iliyoshika namba 1 Uingereza huku Kayleigh ikifika namba 2 kwenye singo, hakuna tena wa kuigwa pale, ni sauti yao. Baada ya Fish kuondoka 1988 na mwimbaji mpya Steve Hogarth kuingia, bendi ikasogea mbali zaidi, Brave ya 1994 mi siiweki tena kwenye neo-progu, ingawa naipenda kupita kiasi.

Ila wanaonyimwa haki zaidi ni wale wengine. Twelfth Night kwanza. Walianza 1978 kama bendi isiyo na mwimbaji, Live at the Target ya 1981 ni vyombo vitupu, halafu wakamchukua Geoff Mann, ambaye alikuwa mchoraji aliyekuwa akiwachorea mapazia ya jukwaa, wakampa maikrofoni. Fact and Fiction ya 1982 haina pesa ndani yake, unasikia kabisa studio ilikuwa ya bei ndogo, lakini We Are Sane kwa dakika zake zaidi ya kumi inatisha mpaka leo, na pale unasikia panki na progu vimekaa chumba kimoja bila kugombana. Mann aliondoka mwishoni mwa 1983, maonyesho ya kuaga pale Marquee yakawa albamu Live and Let Live, yeye akaja kuwa padri wa Anglikana, akafariki kwa kansa mwaka 1993. Bendi iliendelea na Andy Sears, wakatoa albamu ya 1986 chini ya Charisma, lebo ileile iliyowalea Genesis, ikawa ndo mwisho. Mtu anayesema neo-progu ni laini na tamu tu bado hajamsikia Mann.

Pallas walipata nafasi kubwa ikawaponyoka. Lebo kubwa ya EMI waliwachukua, wakapelekwa Atlanta kurekodi na Eddy Offord, yule prodyuza aliyekuwa na Yes kwenye albamu zao kubwa, wakiwa na hadithi ndefu ya Atlantis iliyobeba hofu ya vita baridi. The Sentinel ilipotoka 1984 ile hadithi ilikuwa imekatwakatwa na nyimbo fupi za redio zimechomekwa katikati, ndo matoleo ya baadaye yakarudisha vipande. Ukitaka kuwapima Pallas tafuta toleo lililokamilika. Mwimbaji wao aliyefuata, Alan Reed, walimtoa Abel Ganz wa Glasgow, bendi nyingine isiyotajwa, Gratuitous Flash yao ni ya 1984.

IQ wanajulikana kidogo, lakini siyo kama wanavyostahili. Tales from the Lush Attic ya 1983 inafungua na The Last Human Gateway, karibu dakika ishirini, wanajitupa ndani kama hakuna kesho, halafu The Wake ya 1985 ambayo kwangu ndo albamu bora ya mtindo mzima, Fish wa Marillion anisamehe. Mwimbaji wao Peter Nicholls alipoondoka, Paul Menel akaimba Nomzamo ya 1987, na jina hilo ni la Winnie Mandela, wimbo wenyewe unamhusu. Nicholls akarudi, wakajijengea lebo yao Giant Electric Pea, na Ever ya 1993 ikaonyesha bado wana pumzi. Pendragon nao wakafanya hivyohivyo na lebo yao Toff, kiongozi wao Nick Barrett hakumngoja mtu.

Solstice wa Andy Glass wana fidla na mwimbaji wa kike, Silent Dance ya 1984 iko karibu na Yes na muziki wa kiasili wa Uingereza kuliko Genesis, peke yake inatosha kuvunja ile hoja ya kuiga. Haze ni bendi ya ndugu wawili, Paul na Chris McMahon, pamoja na mpiga dramu, C'est la Vie yao ya 1984 ni mbichi na ina moyo.

Na simaanishi kwamba mlango ulifungwa 1985. Jadis walianza miaka ya 80 ila wamejulikana miaka ya 90, Arena ni wa miaka ya 90 kabisa, na mpiga dramu wao ni Mick Pointer aliyeanzisha Marillion, na Collage wa Poland walitoa Moonshine 1994, neo-progu halali kabisa kutoka mbali na Aylesbury. Bendi ya mwaka huu nayo inaweza kuwa neo-progu, mradi ukoo ni huo: melodi mbele, sintesaiza zinazong'aa, gitaa linaloimba, mwimbaji anayesimulia. Mwaka wa kutoka haukusaidii chochote hapo, tumia masikio. Ikiwa ni magitaa mazito yaliyoshushwa chini na dramu mbili za miguu, sema progresivu metali. Ikiwa ni Mellotron na ukungu wa 1972, sema wafufuaji. Na kama ni Porcupine Tree na hujui uwaweke wapi, waite progu tu inatosha, hakuna atakayekukatalia.