Karoli: jina la mkulima lililovikwa taji

Karoli, Karl, Charles, Carlos, Carlo na Karel ni jina moja. Asili yake ni neno la kale la makabila ya Kigermaniki ya Ulaya kaskazini, lililomaanisha mwanamume, na hasa mwanamume huru: si mtumwa, wala si mwinyi mwenye cheo. Shairi moja la kale la Skandinavia linasimulia chanzo cha matabaka ya watu, na kila tabaka lina babu yake. Thræll ni babu wa watumwa, Jarl ni babu wa mabwana, na katikati yuko Karl, anayefundisha maksai kulima, anayeunda plau na kujenga maghala.

Ndugu za neno hili walibaki huko huko chini. Kwa Kijerumani, Kerl ni “jamaa” tu. Kwa Kiswidi, karl bado ni mwanamume yeyote. Waingereza wa kale walimwita mtu huru wa daraja la chini ceorl, na neno hilo likazidi kushuka hadi churl, mtu asiye na adabu.

Hata muundo wa jina ni wa kawaida. Majina ya wakubwa wa Kigermaniki kwa kawaida yaliunganishwa kwa maneno mawili yenye fahari: Wilhelm ni nia na kofia ya vita, Ludwig ni sifa na vita. Karl ni neno moja, halina pambo.

Aliyeliingiza katika historia kubwa ni Karl Martell, mtawala wa Wafranki, kabila la Kigermaniki lililotawala Ufaransa ya leo, aliyeshinda vita karibu na Poitiers mwaka 732. Mjukuu wake ndiye aliyeligeuza kabisa. Huyo ni Karl Mkuu, yaani Charlemagne, aliyevikwa taji la kaizari na Papa Leo III mjini Roma tarehe 25 Desemba 800, akafa Aachen mwaka 814. Makarani wake waliandika Kilatini, wakamwita Carolus, na umbo hilo ndilo lililozaa Carlo ya Waitalia, Carlos ya Wahispania na Karoli yetu.

Nguvu ya mtu yule inaonekana zaidi kwa majirani zake wa mashariki. Wapolandi humwita mfalme król, Wacheki král, Warusi korol na Wahungaria király. Wanaisimu wengi wanakubaliana kwamba maneno hayo yanatokana na jina lake. Katika safari zote za jina hili, hakuna inayonivutia kama hii: neno la mtu asiye na cheo likawa ndilo neno lenyewe la cheo cha juu kabisa.

Baada ya hapo kila nasaba iliyotaka heshima ililitafuta. Mwana wa mfalme wa Bohemia (Ucheki ya leo), aliyezaliwa mwaka 1316 akiitwa Václav, alipewa jina la Karl alipokuwa akilelewa katika ufalme wa Ufaransa. Ndiye Kaizari Karl IV, mwanzilishi wa Chuo Kikuu cha Praha mwaka 1348. Wafalme wa Uswidi walijihesabu kwa kufuata historia iliyojaa wafalme wa kubuni, ndiyo maana mfalme wa leo ni Carl XVI ingawa Carl waliotawala kweli hawafiki 16.

Uingereza ililichelewesha. Wanormani kutoka kaskazini mwa Ufaransa, walioivamia mwaka 1066, walieneza William, Robert na Richard, lakini Charles lilikuwa jina adimu hadi ukoo wa Stuart wa Uskoti uliporithi kiti cha Uingereza. Charles I, aliyekatwa kichwa mwaka 1649, na mwanawe Charles II ndio waliolizoesha huko. Majimbo mawili ya Marekani yaitwayo Carolina yanabeba jina hilo hilo.

Kanisa nalo lilikuwa na njia yake. Carlo Borromeo, askofu mkuu wa Milano, alitangazwa mtakatifu mwaka 1610, na Wakatoliki wakawa na sababu ya kubatiza watoto kwa jina hili mbali na sifa za wafalme. Wamisionari wa Afrika, tuwaitao Mapadri Weupe, walianzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, wakafika Buganda mwaka 1879. Huko, kijana Lwanga wa kasri la Kabaka Mwanga alibatizwa Karoli Novemba 1885. Tarehe 3 Juni 1886 aliteketezwa kwa moto Namugongo kwa kukataa kuiacha imani yake, na mwaka 1964 Papa Paulo VI akamtangaza mtakatifu pamoja na wenzake 21.

Kwa hiyo akina Karoli wa Afrika Mashariki wana masomo wawili wakubwa, yaani watakatifu wa jina lao. Anayesherehekea somo wake tarehe 4 Novemba ni wa Borromeo wa Milano. Wa tarehe 3 Juni ni wa Lwanga.