Kuweka chila (mashine ya kupoza maji) kwenye jakuzi ya nyumbani: kompresa sio ishu, angalia koili

Mwezi wa pili hapa Dar simu zangu zinabadilika, badala ya "fundi AC haitoi baridi" napigiwa "fundi jakuzi ya moto na hita nimezima tangu Krismasi". Na hawatanii. Maji yanatoka kwenye simtenki jeusi lililokaa juani kutwa, yanaingia yakiwa na digrii 33 hivi, halafu jakuzi yenyewe imetengenezwa kama chupa ya chai, foamu kila upande na mfuniko juu, joto likishaingia halina pa kutokea. Ukiwasha jeti ndo unaongeza, maana pampu ya hosipawa 2 inakula kama kilowati moja na nusu na karibu yote inaishia kuwa joto humo humo kwenye maji.

Wengi wanaanza na barafu. Mama mmoja wa Mbezi Beach nilimkuta anamwaga barafu zile za kuhifadhia samaki, mifuko kwa mifuko, nikamwambia shikamoo mama, hebu tupige hesabu kwanza. Jakuzi yake lita 1,200, anataka itoke 33 ifike 23. Lita moja kushuka digrii moja ni kilojuli 4.2, kwa hiyo zote ni kama kilojuli 50,000, kwa barafu hiyo ni karibu kilo 120 kila akitaka kuoga, na maji yanafurika sakafuni. Chila ya BTU 12,000, ile mnayoiita hosipawa moja na nusu, inatoa joto hilo kwa masaa manne na umeme wake ni kama yuniti 5 za LUKU. Mi huwa nasema masaa matano, jua la huku nalo linarudisha joto wakati wewe unalitoa.

Sasa hapo kila mtu anakuwa mjanja, "si uchukue AC ya zamani uzungushe paipu ya kopa ndani ya maji?" Nilifanya hivyo, nakiri, wakati naanza hizi kazi. Ikapoza vizuri miezi kadhaa, mteja ananisifia, kumbe klorini inatafuna kopa taratibu, tukaanza kuona madoa ya kijani kwenye beseni, mara koili, yaani hiyo paipu iliyozungushwa, ikatoboka gesi ikaisha na maji yakaingia kwenye mfumo mpaka kwenye kompresa. Kompresa ikishakunywa maji hiyo peleka skrepa. Nililipa mimi.

Stenlesi nayo usiiamini sana, hasa ukijaza maji ya kisima yenye chumvi, inaota vitobo. Inayotakiwa ni koili ya titaniamu ndani ya gamba la plastiki gumu, gesi inapita ndani ya koili, maji nje yake. Ghali ndio, ila kama hela imepungua punguza kwingine kokote, sio hapo.

Mpangilio wa mabomba: pampu, filta, chila, hita, halafu maji yarudi. Filta itangulie ili nywele zisiende kuziba chila, na dawa ya klorini iingie mwisho kabisa, ukiiweka kabla ya chila inapita kali. Weka bomba la kupitia pembeni lenye valvu zake ili siku ya matengenezo usimwage jakuzi nzima. Floo swichi, ile inayozima chila maji yasipotembea, usiruke, maana maji yakisimama na kompresa inaendelea, yaliyomo kwenye gamba yanaganda, gamba linapasuka.

Kuna nyumba nilikuta hita imesetiwa 36, chila 24, zimepigana usiku kucha na mwenye nyumba anashangaa LUKU inaenda wapi 😂 Rilei moja (swichi inayojiwasha na kujizima kwa umeme) inamaliza, hita ikiwaka chila haipati umeme. Ila kama unanunua vyote upya, chukua hitipampu inayogeuza, inapoza na kupasha yenyewe.

Mashine ikae nje kwenye hewa, ukiificha ndani ya kabati la jakuzi inavuta joto lake yenyewe. Paipu zivalishe sponji, zinatoa jasho. Friji gadi, ile ya kulinda mashine umeme ukipanda na kushuka, lazima. Ethi na breka inayokata umeme ukivuja miliampia 30, hapo sina mzaha kabisa, kama hutaki mi naondoka na vifaa vyangu.

Yule mama wa Mbezi saizi anaweka 26, anasema 23 inamuuma magoti.