Maswali ya waosha magari: mikono, mashine ya presha na grisi

Kuosha magari kumewapa vijana wengi riziki Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Ni kazi ya kushinda umelowa, huku mkono mmoja uko kwenye sabuni na mwingine kwenye mashine. Haya ndiyo maswali yanayostahili majibu ya wazi.

Mikono inawasha na kupasuka. Ni fangasi?

Mara nyingi siyo. Ngozi ina mafuta yake ya asili yanayoilinda. Sabuni ya unga na dawa za kuondoa grisi huyamaliza, ngozi inakauka, inawasha, kisha inachanika. Jiangalie: ukipumzika siku kadhaa unapata nafuu, ukirudi kazini inaanza tena? Basi chanzo ni kazi. Vaa glavu ndefu za mpira, na maji yakiingia ndani zivue ujikaushe, maana sabuni iliyofungiwa humo huumiza zaidi. Usiku paka mafuta ya mgando. Usijinunulie tyubu yoyote dukani, kwani baadhi zina steroidi kali ambazo huficha muwasho huku zikiikondesha ngozi.

Kwenye vidole vya miguu ni tofauti. Huko fangasi hupenda sana, hasa ukishinda na mabuti yenye maji.

Mashine ya presha imenipiga kidoleni, kimebaki kitundu kidogo tu. Nifunge plasta?

Hapana. Nenda hospitali sasa hivi, hata kama hakiumi. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa psi 30 hivi (psi ni kipimo cha presha). Mashine nyingi za kuoshea husukuma maji kwa 1,500 na kuendelea, kwa kipimo hichohicho. Maji hayo hupenya ngozi na kusambaa ndani, yakibeba sabuni, grisi na vijidudu. Juu unaona tundu la sindano, kumbe ndani nyama imeharibika. Kidole kinaweza kupotea kwa sababu ya kusubiri hadi kesho. Vua pete kabla hakijavimba, na umweleze daktari waziwazi kuwa ni maji ya presha na yalikuwa na dawa gani. Asipoambiwa, naye anaweza kukiona ni kidonda kidogo.

Kwa hiyo usioshe miguu wala mabuti kwa mashine hiyo, na usimwelekezee mwenzako hata kwa utani.

Grisi haitoki. Ninawe kwa petroli?

Naomba uache. Petroli na mafuta ya taa hukausha ngozi kuliko sabuni, na mvuke wake unauvuta. Paka mafuta ya kupikia, sugua, futa kwa kitambaa, kisha nawa kwa sabuni ya kawaida.

Na petroli au mafuta ya taa usiyaweke kwenye chupa ya maji au soda. Mtu akinywa kwa bahati mbaya, msimtapishe wala kumpa maziwa ili atapike: yakipanda yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mkimbizeni hospitali.

Vumbi la breki nalo lina shida?

Ndiyo. Baadhi ya brekipedi, hasa za zamani, zina asbesto, madini ya nyuzinyuzi yanayoweza kuleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Usipulize vumbi hilo kwa kompresa. Lowesha kwanza kwa maji ya taratibu, kisha futa.

Nikiumia, nani analipa?

Tanzania Bara, mwajiri anatakiwa kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Kenya kuna sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini. Toa taarifa siku hiyohiyo, na utunze karatasi za hospitali.