Unga wa lishe wa nafaka saba bado ni wanga

Malalamiko kuhusu unga wa lishe, yaani unga wa uji wa watoto unaochanganywa nafaka nyingi, yanaongezeka, na sisi wa lishe na ukaguzi wa chakula yanatufikia kutoka pande mbili. Wazazi wanasema mtoto anakunywa uji asubuhi, mchana na jioni, tena unga wenyewe ni wa bei, lakini mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki umelala. Wasindikaji wadogo nao wanasema mzigo wao umezuiwa dukani na hawajui kosa lao. Ukiyafuatilia malalamiko haya, mengi yanarudi kwenye jambo moja: kutoelewa wanga ni nini, unafanya kazi gani mwilini, na unaishia wapi.

Wanga ni chakula cha nguvu. Punje ya mahindi ina wanga karibu asilimia 70 ya uzito wake. Wanga huo ni minyororo mirefu ya sukari aina ya glukosi, ambayo huanza kukatwa na mate mdomoni na kumaliziwa kwenye utumbo mwembamba. Kila gramu moja humpa mlaji takriban kilokalori 4. Kwa nguvu hiyo mtoto anatambaa, anacheza na kupata joto la mwili, kwa hiyo asitokee mtu akasema wataalamu wa lishe wanapiga vita ugali. Ugali si adui wa mtu yeyote.

Tatizo liko kwenye kuhesabu. Mwongozo wa kitaifa wa Tanzania wa chakula na ulaji unataja makundi sita ya vyakula: (1) nafaka, mizizi yenye wanga na ndizi za kupika; (2) jamii ya kunde, karanga na mbegu za mafuta; (3) vyakula vya asili ya wanyama; (4) mboga; (5) matunda; na (6) mafuta yenye afya. Mahindi, mchele, ngano, ulezi, uwele, mtama na shayiri vyote viko kundi la kwanza. Mfuko ulioandikwa "nafaka saba" una kundi moja, si saba. Jambo hili tumelieleza kliniki, kwenye mikutano ya vijiji na redioni, na bado kila wiki anakuja mzazi anayeamini kwamba kadiri orodha ya nafaka inavyorefuka ndivyo lishe inavyopanda.

Haipandi, na sababu inajulikana vizuri. Mwili wa mtoto hujengwa na protini, na protini ina vijenzi vidogo ambavyo lazima vyote viwepo kwa kiwango cha kutosha. Kimoja kati ya hivyo huitwa laisini. Nafaka karibu zote zina upungufu wa laisini, kwa hiyo ukiongeza mtama juu ya mahindi na mchele juu ya mtama, upungufu unabaki palepale. Maharage, choroko, kunde na soya vina laisini nyingi. Ndiyo maana makande, ambayo bibi zetu walipika bila kusoma mwongozo wowote, ni chakula bora kuliko uji wa nafaka saba. Maziwa, mayai na dagaa vinafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Anayetaka ushahidi atazame mikoa inayotulisha. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani wana kimo kifupi kuliko umri wao. Iringa ilikuwa na takriban asilimia 57, na Njombe na Rukwa zilikuwa karibu na nusu. Hiyo ni mikoa ya mahindi na viazi, ambako ghala likijaa watu hujihesabu kuwa wameshiba. Udumavu una sababu nyingi, zikiwemo maradhi ya mara kwa mara, maji yasiyo salama na mama kukosa muda wa kumlisha mtoto kwa sababu ya kazi za shamba. Lakini sahani ya wanga mtupu ni mojawapo, na hiyo iko ndani ya uwezo wa familia kuirekebisha.

Sasa tuje kwenye uji wenyewe, maana hapa ndipo watoto wengi wanapopotezea nguvu bila mzazi kujua. Unga wa mahindi una takriban kilokalori 350 kwa gramu 100. Ukipika uji mwepesi wa kunyweka, ambao katika kila gramu 100 za uji mna gramu 10 tu za unga, mtoto anapata kilokalori 35 hivi. Maziwa ya mama kwa kiasi hichohicho yana kilokalori kati ya 65 na 70. Maana yake, mama anayempa mtoto kikombe cha uji mwepesi na kupunguza kunyonyesha amebadilisha chakula chenye nguvu zaidi kwa chenye nusu yake. Tumbo la mtoto wa miezi tisa ni dogo, mlo wake mmoja ni kama nusu ya kikombe cha mililita 250, na likijaa limejaa. Hawezi kufidia kwa kunywa zaidi.

Mzazi atauliza: basi niongeze unga? Ukiongeza, uji unakuwa mzito kiasi kwamba mtoto hawezi kuumeza. Chembe za wanga zikipata maji ya moto, kuanzia nyuzi joto 60 na kitu kwenda juu, huvimba na kunyonya maji, na ndiyo sababu uji hukaza. Hapa kuna ufumbuzi wa zamani ambao nchi hii iliupigia debe tangu miaka ya 1980 na ambao siku hizi umesahaulika: kimea.

Chukua ulezi safi, uchague, uoshe, uloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji, utandaze ulezi kwenye ungo au kitambaa safi, funika kwa kitambaa chenye unyevu na uuache siku mbili hadi tatu, ukinyunyizia maji kidogo kila siku. Ukichipua, uanike juani hadi ukauke kabisa, ufikiche kuondoa vichipukizi, upepete na kusaga. Ukiona ukungu, tupa wote, usijaribu kuokoa. Pika uji mzito wa kusimamisha mwiko, epua, uache upoe hadi uwe vuguvugu, kisha tia kijiko kimoja cha unga wa kimea na ukoroge. Ndani ya dakika chache uji ule uliokuwa mzito utalegea na kumiminika machoni pako, bila kuongeza tone la maji. Kimea kina kimeng'enya kinachokata minyororo ya wanga, kilekile tulicho nacho kwenye mate. Nguvu yote ya unga imebaki, ila sasa mtoto anaweza kuimeza. Rudisha jikoni uchemke kidogo kwa usalama, halafu mpe. Ukikitia kimea wakati uji unatokota hutaona mabadiliko, kwa sababu joto kali hukiua kimeng'enya. Tunashauri ulezi, si mtama, kwa kuwa vichipukizi vya mtama hutengeneza sumu aina ya sianidi.

Uji huo bado ni wanga. Uongezee maziwa, au karanga zilizosagwa siku hiyo, au yai lililopondwa, na kijiko kidogo cha mafuta. Mboga za majani na tunda vije kwenye milo mingine ya siku. Na haya yote ni baada ya miezi sita. Kabla ya hapo mtoto ananyonya tu, hata maji hapewi.

Wapo wanaosaga nafaka, soya, karanga na dagaa pamoja kuwa unga mmoja. Msimamo wetu ni kwamba usifanye hivyo. Soya mbichi ina vizuizi vinavyoharibu usagaji wa protini tumboni, hivyo lazima ichemshwe au ikaangwe vya kutosha kabla ya kusagwa, na muda wake wa kuiva si wa mahindi. Karanga zina mafuta. Zikisagwa na kukaa wiki kadhaa kwenye mfuko, unga unachacha. Dagaa wasiooshwa vizuri huleta mchanga na chumvi. Na mtoto akipata upele au kuharisha baada ya kula mchanganyiko wa vitu kumi, daktari hana njia ya kujua ni kipi kimemdhuru. Tunza unga wa nafaka moja au mbili peke yake, na vingine uviongeze jikoni wakati wa kupika.

Zaidi ya yote kuna sumukuvu. Mahindi na karanga ndivyo vinavyoongoza kwa kupata kuvu wanaotoa sumu hii vikihifadhiwa vikiwa na unyevu. Mwaka 2016 takriban watu 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Kuchemsha hakuiondoi, wala kukaanga. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Kwa nyumbani, anika juu ya turubai na si kwenye udongo, chagua punje moja moja, na punje zilizooza au kubadilika rangi zisipelekwe mashineni "zikasagike na nyingine". Kauli hiyo tunaisikia sana, na ni ya hatari.

Kuna mifuko pia inayouzwa kama unga wa wenye kisukari. Mgonjwa wa kisukari anahitaji wanga, kwa kiasi anachopangiwa. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu lina pumba na kiini, hivyo nyuzinyuzi zake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu, lakini dona likijaa sahani nzima bado litapandisha sukari. Robo ya sahani iwe ugali au wali, robo maharage, samaki au nyama, na nusu mboga. Anayetumia insulini au vidonge akiacha wanga ghafla kwa kufuata ushauri wa mitandaoni anaweza kushuka sukari hadi kuzimia, na hutokea. Vilevile, ni kweli kwamba wali uliopoa huwa na sehemu ya wanga isiyosagika kirahisi. Hiyo si ruhusa ya kuacha sufuria ya wali mezani hadi asubuhi, maana kuna bakteria ambao mbegu zao haziuawi na mapishi, hukua kwenye wali uliolala kwenye joto, na sumu yao haiondoki hata ukipasha moto.

Tuje kwa wasindikaji. Tangu mwaka 2019 usajili wa chakula na majengo ya chakula uko TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, haipo tena. Iliyobaki ni TMDA, inayoshughulikia dawa na vifaa tiba. Kuweka nembo ya TFDA kwenye mfuko mpya ni kumdanganya mnunuzi, hata kama mashine ya kuchapia ilikuwa na picha ya zamani. Msindikaji mdogo aanzie SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, kupata barua ya utambulisho, aende nayo TBS, jengo likaguliwe, sampuli ichukuliwe na kupimwa. Kwa mjasiriamali mdogo aliyepitia njia hiyo, gharama za kupata alama ya ubora hubebwa na serikali kwa miaka mitatu ya mwanzo. Hatuelewi kwa nini watu bado wanasema ni ghali kabla ya kuuliza.

Lebo lazima ionyeshe jina la bidhaa, viambato vyote vikipangwa kuanzia chenye uzito mkubwa hadi mdogo, uzito halisi, jina na anuani ya mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na namna ya kutunza. Mnunuzi aisome orodha hiyo kuanzia juu: kama mahindi, mchele na ngano vinatangulia na soya iko mwisho, amenunua wanga kwa bei ya protini. Maneno "inatibu kisukari", "inaondoa presha" au "inaongeza kinga ya mwili kwa wagonjwa" hayaruhusiwi kwenye chakula. Na hakuna unga unaoruhusiwa kutangazwa kwamba unafaa mtoto wa chini ya miezi sita. Kanuni za vyakula vya watoto wachanga na wadogo za mwaka 2013 zinalikataza.

Mkaguzi akikuta kasoro, bidhaa huwekewa zuio la kuuzwa na kuorodheshwa. Sampuli hufungwa kwa lakiri mbele ya mwenye duka, na fomu hutiwa saini na pande zote mbili. Usisaini kabla ya kusoma idadi iliyoandikwa. Bidhaa isiyo salama huondolewa sokoni na kuteketezwa kwa gharama ya mwenye mali. Kesi ikifika mahakamani kuna faini, kifungo, au vyote viwili. Mtu akivunja lakiri na kuendelea kuuza mzigo uliozuiwa, hilo ni kosa jingine linalojitegemea, na ndilo linalowaponza wengi ambao kosa lao la kwanza lilikuwa ni lebo tu.

Mzazi mwenye lalamiko asimwage unga. Aufunge ukiwa kwenye mfuko wake wa asili, atunze risiti kama anayo, aandike tarehe na mahali alikonunua, aupeleke kwa afisa afya wa kata au ofisi ya TBS ya kanda. Unga uliohamishiwa kwenye ndoo nyumbani hauwezi kutumika kama kielelezo. Msindikaji naye alete nakala ya lebo ikaguliwe kabla ya kuchapa mifuko, maana tukiikataa ikiwa bado karatasi moja hapati hasara yoyote.