Jina la Mama Kwenye Hati ya Shamba

Siku ya kliniki kijijini, palizi linaachwa katikati. Mama anaosha miguu, anachukua daftari lake, anakwenda kuning'iniza mzani kwenye boriti ya ofisi ya kijiji. Watoto wanavalishwa ile suruali ya kupimia mmoja baada ya mwingine, wanalia, naye anaandika uzito kwenye kadi. Mchana anarudi shambani kumalizia mistari aliyoiacha. Vijiji vingi vya nyanda za juu kusini mwa Tanzania vina mama wa namna hii: mke wa mkulima, tena mhudumu wa afya wa kujitolea.

Nimeshiriki uhakiki wa mashamba mara nyingi, na kuna jambo linaniumiza kila nikiliona. Mpakani mama ndiye anayetutangulia. Anajua mparachichi upi ni alama na jirani alisogeza jembe mwaka gani. Tukifika mezani kujaza fomu ya hati ya hakimiliki ya kimila, yaani hati ya kumiliki ardhi ya kijiji, anakaa pembeni kwenye mkeka, na mume anataja jina moja tu, la kwake. Wengi hawana nia mbaya, wamezoea hivyo.

Sheria haikumsahau mama huyu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na inabatilisha mila inayomnyima. Sheria ya Ardhi ya mwaka huohuo, kifungu cha 161, inasema ardhi ikiwa kwa jina la mwenzi mmoja lakini mwingine akachangia kwa nguvu zake kuizalisha na kuitunza, naye anapata maslahi ndani yake. Na mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa.

Lakini haki isiyoandikwa lazima ithibitishwe, na mara nyingi inadaiwa wakati mgumu: ndoa imevunjika, au mume amefariki na shemeji wamefika. Ule uzito wa watoto alioandika miaka yote, kwa heshima yote inayompa kijijini, hautamsaidia kuthibitisha kwamba amelima.

Kama hati imeshatoka kwa jina moja, nendeni wote wawili kwa mtendaji wa kijiji au ofisi ya ardhi ya wilaya mkaulizie namna ya kuongeza jina. Kukiwa na mvutano, lipo Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, wasiopungua 3 wakiwa wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Wapo pia wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na msaada wao ni bure.

Kama fomu haijajazwa, mwite mkeo mezani. Kijiji kizima kinamwita kwa jina la mtoto wenu wa kwanza, na nimeona waume wakisita walipoulizwa jina lake kamili. Mwache alitaje mwenyewe, herufi kwa herufi, kama lilivyo kwenye kitambulisho cha Taifa, kisha aweke saini au dole gumba lake karibu na lako.