Kripta ya Anagni: anza na matabibu, madhabahu itakusubiri

Anagni ni mji wa kilimani, kilomita kama 60 kusini-mashariki mwa Roma. Kituo cha treni kiko bondeni, mbali na mji, kwa hiyo angalia ratiba ya basi la kupandia kabla hujaondoka Roma. Kanisa kuu lilijengwa kati ya 1072 na 1104. Kripta, yaani ukumbi ulio chini ya kanisa hilo, imefunikwa kwa michoro ya karne ya 13, kuta na vikuba 21, jumla mita za mraba 540 hivi.

Wengi wakishashuka hukimbilia madhabahu, na hapo ndipo wanapopoteza mtiririko. Tafuta kwanza ukutani wazee wawili walioketi wakizungumza: Hippocrates na Galen, matabibu wa kale wa Kigiriki. Hawamo kwenye Biblia, lakini ndio ufunguo wa chumba kizima. Mada yao ni udongo, maji, hewa na moto, vitu vinne ambavyo watu wa kale waliamini vinaunda kila kitu. Karibu nao kuna mtu aliyezungushiwa duara, na umri wake umelinganishwa na majira ya mwaka. Yaani kwanza ulimwengu umeumbwaje, ndipo historia ya wokovu ifuate.

Kisha inua kichwa ufuate habari ya 1 Samweli 4 hadi 6 iliyochorwa kwenye vikuba. Wafilisti wanateka Sanduku la Agano, wanapigwa kwa majipu, mwishowe wanalirudisha kwa gari la ng'ombe. Asiyeijua habari hii ataona ng'ombe na gari tu, basi isome hotelini usiku uliotangulia. Michoro ya kitabu cha Ufunuo, iliyo upande wa madhabahu, iache mwisho: Mwana-Kondoo mwenye pembe saba na macho saba, na wazee 24.

Shingo itauma. Beba kioo kidogo, kishike usawa wa kifua, utazame kuba humo. Darubini ndogo nayo husaidia kuona nyuso. Walichora mafundi watatu wakuu, na mikunjo ya nguo huwatofautisha kuliko rangi. Yape macho dakika tano yazoee giza.

Usiguse ukuta, hata pale panapoonekana pagumu. Rangi ya freski, yaani mchoro wa ukutani wa aina hii, hupakwa juu ya lipu ya chokaa ikiwa bado mbichi. Chokaa ikikauka hugeuka jiwe na kuifunga rangi ndani. Buluu ya azuraiti, madini ya buluu yaliyosagwa, ni tofauti, kwa kawaida ilipakwa juu ya lipu kavu kwa gundi, ndiyo maana katika freski nyingi za zama hizo buluu imebanduka ikaacha rangi ya chini, nyeusi au kijivu. Adui mwingine ni chumvi: unyevu hupanda kutoka ardhini, maji yakikauka chumvi huganda nyuma ya rangi na kuisukuma nje. Pumzi za kundi kubwa huongeza unyevu huohuo.

Ukichoka kutazama juu, tazama chini. Sakafu ya vipande vya mawe ya rangi ni kazi ya fundi Cosma na wanawe Luca na Jacopo, ya mwaka 1231.