Umelipia 130, umefunga 118

Jumamosi kajileta kijana mwingine, wa tatu mwezi huu. Honda CB350 ya 1971, tangi limepigwa rangi upya, kiti kimekatwa kikabaki kama kibao cha mbuzi, na kwapani kabeba tairi la 130/80-18 (upana milimita 130, kimo asilimia 80 ya upana huo, kipenyo cha rimu inchi 18) likiwa bado na lebo. Kalinunua Kariakoo kabla ya kuniuliza.

"Shikamoo fundi. Nifungie hili nyuma, pikipiki ikamate lami."

Nikamwitikia marahaba, nikachukua venia, kile kipimo cha kubana, nikapima upana wa rimu yake. Inchi 1.85. Nikamrudishia tairi lake mikononi. Akanitazama kama nimemtukania mama.

Wenye bodaboda hawanisumbui hivi. Wao wanajua tairi ni pesa. Wanaonichosha ni hawa wapenda pikipiki za zamani, ambao wameona picha moja ya pikipiki iliyochongwa Ulaya, nyuma ina tairi kama la Bajaji, basi usingizi umewaishia. Na wote wana wimbo mmoja: tairi pana linagusa lami kwa eneo kubwa, kwa hiyo linashika zaidi. Jambo lenyewe linaingia akilini, ndiyo maana halifi.

Haya, tupige hesabu. CB350 ikiwa na mafuta inafika kama kilo 170. Mpandishe kijana wa kilo 75, jumla 245. Nyuma kunabeba zaidi ya nusu kidogo, tuseme kilo 135. Upepo umejaza psi 28, yaani karibu kilo 2 kwa kila sentimita ya mraba. Gawanya. Unapata sentimita za mraba 68 hivi, sawa na kiganja cha mkono. Sasa weka tairi pana, upepo uleule, mzigo uleule, gawanya tena. Ni 68. Kilichobadilika ni umbo la kile kiganja: kilikuwa chembamba kirefu kuelekea mbele na nyuma, sasa kimekuwa kifupi kipana.

Najua mwalimu wa fizikia akipita hapa atanishika shati, na atakuwa na haki. Ngozi ya tairi yenyewe ni ngumu, hasa haya matairi ya zamani ya nyuzi za mshazari, kwa hiyo nayo inabeba sehemu ya mzigo na hesabu yangu inapinda kidogo. Tena mpira hautii ile kanuni tuliyofundishwa kwamba msuguano haujali eneo. Mpira ukibanwa kidogo kidogo kwenye eneo kubwa hushika vizuri kuliko ukikandamizwa mahali padogo. Na kuna joto. Pikipiki ya mashindano yenye nguvu za farasi zaidi ya 200 inahitaji tairi la milimita 200 kwa sababu injini inaliunguza, na tairi jembamba lingeyeyuka kabla ya mizunguko kwisha. Lakini CB350 ilitoka kiwandani ikitangazwa kuwa na farasi 36. Imepita miaka hamsini na ushee, na baadhi ya farasi hao walishazikwa. Hiyo sababu ya joto usiniletee.

Linaloshika lami kwenye pikipiki yako ni mpira wenyewe, umri wake, na upepo ulioujaza. Tafuta ubavuni namba nne za tarehe: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi lililokaa dukani tangu 2014, hata likiwa pana kama mkeka, mvua ya kwanza litakuonyesha rangi ya soksi zako.

Sasa nije kwenye rimu, maana hapa ndipo damu yangu huchemka.

Upana wa rimu haupimwi kwa nje. Unapimwa ndani, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, pale midomo ya tairi, yaani kingo zake za ndani, inapokaa. Rimu za zamani mara nyingi zimegongwa alama: WM1 ni inchi 1.60, WM2 ni 1.85, WM3 ni 2.15. Kila tairi lina rimu zake linazozikubali, na kuna rimu moja ambayo mtengenezaji aliitumia kulipima. Tairi la 110/90-18 linakubali kuanzia 2.15 hadi 3.00, na kipimo chake kilichukuliwa kwenye 2.50. Hilo la 130/80-18 linataka kuanzia 2.50, na ile 130 iliyoandikwa ubavuni imepatikana juu ya rimu ya 3.00.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho. Ile 130 si ahadi. Ni matokeo ya tairi hilo likiwa kwenye rimu ya inchi 3. Mafundi tuna kanuni: kila nusu inchi ya rimu inaondoka na milimita 5 za upana wa tairi. Kutoka 3.00 kushuka hadi 1.85 ni inchi 1.15, kwa hiyo unapoteza milimita 11 au 12. Umelipia 130, umefunga 118. Kanuni hii ni ya kutembea karibu. Ukiivuta mbali hivi inaanza kuyumba, na nimewahi kupima tairi la 120 lililobanwa kwenye 1.85 likaja tofauti na hesabu kwa milimita 2. Lakini halikuja pana zaidi. Hilo halijawahi kutokea kwenye meza yangu.

Kama hasara ingekuwa ni hizo milimita tu, ningefunga, ningelipwa, ningenyamaza. Shida ni umbo. Pikipiki si gari. Gari linasimama wima maisha yake yote, pikipiki inalala kila kona, kwa hiyo tairi lake limechongwa mviringo ili kila pembe ya kulala iwe na mpira wake wa kukanyagia. Mviringo huo umechorwa kwa kudhani midomo imeachana kwa umbali fulani. Ibane midomo hiyo kutoka milimita 76 hadi 47 uone: tumbo linachomoza juu, mabega yanashuka pembeni, na ule mviringo unageuka ncha ya yai. Ukienda moja kwa moja unakanyagia ukanda mwembamba wa katikati, ambao unakwisha mapema na kuacha pembeni mpya kabisa. Ukiingia kona, pikipiki inajiangusha ghafla badala ya kulala taratibu. Mwenye nayo ananiambia, "Fundi, siku hizi imekuwa nyepesi kweli kwenye kona!" Ndugu yangu, wepesi huo ni wa mtu aliyekanyaga ganda la embe.

Kwa hiyo yule aliyetaka tairi pana apate eneo kubwa ameishia kukanyagia ukanda mwembamba kuliko wa tairi lake la zamani. Nimelieleza hili kwa mdomo, kwa chaki sakafuni, na mara moja kwa chapati niliyoikunja mbele ya mteja. Bado wanakuja.

Nikiri yangu. Miaka ya nyuma niliendesha 110/90 kwenye rimu ya 1.85, nje ya kitabu kwa hatua moja, kwa muda wa miaka miwili, na halikunifanya kitu. Wapo wazee wenzangu wanaofanya hivyo mpaka leo na wataniandikia hapa chini. Kitabu kina mstari: huku ndani, kule nje. Barabara haina mstari, ina mteremko, na mimi nilikuwa nimesimama juu kabisa ya mteremko. Mwenye 130 kwenye 1.85 yuko katikati anaserereka.

"Basi tubadilishe rimu, fundi." Hapo tunaweza kuongea. Ila sikiliza kwanza.

Rimu pana yenye idadi sawa ya matundu si lazima iingie. Matundu ya spoki hayatobolewi wima. Kila moja limeinamishwa kuelekea upande wa habu, yaani kitovu cha gurudumu, inakotoka spoki yake, na mwinamo huo unategemea ukubwa wa habu na upana wake. Ukichukua rimu iliyotobolewa kwa habu ndogo ukaifunga kwenye habu kubwa ya breki ya dramu, spoki itatoka kwenye nati yake ikiwa imepinda. Haitakatika leo. Itakatika baada ya miezi, moja, halafu jirani yake, na utasema fundi hakukaza vizuri. Urefu wa spoki nao hubadilika kwa sababu kina cha rimu kinatofautiana, kwa hiyo usinunue spoki kabla ya kunikabidhi rimu. Na ncha zikizidi ndani zinasagwa, unawekwa utepe, ndipo tyubu iingie.

Tyubu, kwa haraka: rimu ya spoki ya zamani kama hii inataka tyubu hata kama tairi limeandikwa halihitaji. Na tyubu iwe ya saizi ya tairi. Ya inchi 3.50 ukiipuliza ijaze tairi la 130 inakuwa nyembamba kama puto la sherehe, na pancha yake haikupi muda wa kusogea pembeni.

Halafu kuna nafasi. Kwenye CB350 tairi la nyuma limekaa kati ya cheni upande wa kushoto na chuma cha kuzuia breki upande wa kulia, mbele yake kuna mwamba wa uma wa nyuma, yaani ile mikono inayoshika gurudumu, juu madigadi. Watu hupima pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi, wakaingiza kidole, wakasema inapita. Tairi linavimba likienda kasi na likipata joto. Bushi za uma zikichoka, gurudumu linacheza upande hadi upande. Na ukifunga cheni mpya, ekseli inasogea mbele, tairi linaukaribia ule mwamba. Mimi naacha milimita 6 kila upande, baridi, kwa bushi nzima. Kwa nini 6? Nilirithi kutoka kwa aliyenifundisha. Nimewahi kuacha 4 pasitokee kitu, lakini sikulala vizuri.

Kosa langu kubwa kwenye kazi hii lilitokea hapo hapo. Pikipiki yangu mwenyewe, tairi linakwaruza cheni, nikajiona mjanja: nikalegeza spoki za upande mmoja, nikakaza za upande wa pili, nikaivuta rimu kulia milimita 5. Cheni ikapona. Nikatoka barabara ya Bagamoyo. Ilikuwa inakwenda vizuri mpaka nikalegeza mikono kwenye 80, ikaanza kujiendea upande kama mlevi aliyeona mlango wa nyumbani. Nilipoweka uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele ndipo nikaona magurudumu mawili yanafuata njia mbili. Nilirudisha kila kitu usiku uleule. Mteja akiniambia leo "ivute tu kidogo kulia", namwonyesha uzi.

Urefu nao una kodi yake. 100/90-18 ina kipenyo cha milimita 637 hivi. 130/80-18 ni 665. Nyuma inainuka milimita 14, uma wa mbele unasimama wima zaidi, gia inakuwa ndefu kwa asilimia 4 kwa injini ambayo tayari inahema kupanda mlima, na kwenye stendi kubwa gurudumu linaweza kugusa chini. Spidomita haitadanganya, maana inaendeshwa na gurudumu la mbele. Hiyo ndiyo habari njema pekee.

Kuhusu kulala kwenye kona: ni kweli tairi pana linakutaka ulale zaidi kwa kasi ileile, kwa sababu sehemu inayogusa lami inahamia pembeni. Watu hutia chumvi hapa. Kwa vipimo vya pikipiki kama hii, nikipiga hesabu napata kama digrii moja. Sidai utaihisi. Utakachohisi, ukiwa na tairi pana kwenye rimu yake sahihi, ni uzito: unaisukuma hendeli na pikipiki inakuuliza una uhakika?

Nikiulizwa ningefunga nini, CB350 yenye rimu ya asili naipa 100/90-18, ambayo 1.85 inaibeba kwa haki. Anayelilia upana, atafute rimu ya 2.15 iliyotobolewa kwa habu yake, tufunge 110/90-18, halafu tupime kila upande kabla ya kuchekelea. Mbele sigusi.

Kijana alirudi Jumatano. Lile 130 kaliuza kwa hasara kwa mtu ambaye sitaki kumjua. Tulifunga 100/90 mpya, tyubu mpya, bushi mpya, nafasi milimita 9 upande wa cheni. Akalipa, akawasha, akafika getini akazima. Akashuka, akarudi nyuma hatua tatu, akaiangalia kwa muda mrefu.

"Fundi, mbona kwa nyuma inaonekana nyembamba?"